Injini ya Turbo Imefunguliwa: Ubadilishe Valvu au Urudishe Zilezile?

Swali hili haliishi. Mtu ameshusha injini ya Forester au Impreza, hedi ziko juu ya meza, fundi anasubiri jibu. Rafiki mmoja amemwambia, "Bora umefungua, weka valvu za nguvu mara moja." Mwingine amemwambia asitupe pesa. Kama ni wewe, soma hapa kabla hujatuma pesa kwa mtu yeyote.

Nianze na msimamo wangu. Injini nyingi za turbo zinazofunguliwa Nairobi hazihitaji valvu za mashindano. Zinahitaji valvu nzima, siti (pete ambazo valvu hukalia zikifunga) zilizokatwa vizuri, bushi (mirija inayoongoza shina la valvu) zisizocheza na klirensi (nafasi kati ya kamshafti na kikombe cha valvu) iliyopimwa. Valvu ya bei ghali kwenye siti mbovu itaungua kama ile ya bei rahisi. Zipo hali ambazo kuboresha ni lazima, nazo tutazifikia kwenye hatua ya 6, baada ya vipimo.

Mifano mingi hapa ni ya Subaru EJ20 kwa sababu ndizo zimejaa gereji zetu, lakini utaratibu ni uleule kwa injini za Toyota kama 1JZ-GTE na 3S-GTE, na kwa 4G63 ya Mitsubishi pia, isipokuwa klirensi, ambayo kwenye 4G63 hujirekebisha yenyewe kwa oili.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Kitabu cha huduma cha injini yako, kinacholingana na jina lake kamili la kiwandani. EJ205 na EJ207 zote ni lita 2 zenye turbo, lakini usichukulie kwamba vipimo na valvu zake ni sawa.
- Kipima kompresheni, na kipima uvujaji kinachotumia hewa ya kompresa. Kama huna, azima au lipia kupimiwa.
- Maikromita ya milimita 0 hadi 25, fila geji (vipande vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi), na rula ya chuma iliyonyooka kweli.
- Sumaku ndogo.
- Kipande cha mbao chenye matundu 16 yenye namba, au mifuko 16 ya plastiki na kalamu ya wino usiofutika.
- Mtu wa mashine mliyeongea naye mapema, na tyuna (mtu wa kupanga kompyuta ya injini) unayemwamini. Ukikosa huyo wa pili, sahau habari ya kupandisha busti, yaani shinikizo la hewa ya turbo.

Hatua

1. Andika lengo kwenye karatasi. Mambo manne: busti ya juu kabisa kwa bar, mizunguko ya juu kabisa kwa dakika, petroli utakayotumia, na kazi ya gari. Hili la mwisho ndilo watu hulisahau. Valvu ya moshi haiuawi na namba ya hosipawa uliyoisoma kwenye daino, mashine ya kupimia nguvu ya gari. Inauawa na muda ambao mguu wako umekaa chini. Gari la kutoka Rongai kwenda kazini hufungua turbo kwa sekunde chache, kisha linarudi kwenye foleni. Gari linalopanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru likiwa limebeba watu watano, au linalozungushwa kwenye uwanja wa mbio wa Whistling Morans bila kupumzika, linakaa ndani ya joto kwa dakika nzima nzima. Hosipawa zinaweza kuwa sawa na valvu zikahitaji kuwa tofauti.

2. Pima injini kabla ya kuifungua. Kama imeshafunguliwa, basi, ruka. Kama bado, ipashe moto, toa plagi zote, chomoa soketi za injekta, kanyaga eksileta hadi mwisho na uzungushe kwa betri yenye nguvu. Andika namba ya kila silinda.

Sasa angalia kosa ambalo nimeona likimaliza pesa za watu. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ina shinikizo la takriban asilimia 82 ya lile la Mombasa. Kitabu kikisema psi 160, kimesema kwa hewa ya pwani. Injini hiyohiyo ikiwa nzima itakupa karibu psi 130 hapa. Watu wamefungua injini nzima kwa sababu geji ilisoma chini ya kitabu. Usihukumu kwa namba moja. Angalia tofauti kati ya silinda na silinda. Tatu zikisoma 130 na moja 95, hapo una ugonjwa.

Kipima uvujaji hakidanganywi na mwinuko, na ndicho kitakachokuambia ugonjwa uko wapi. Silinda ikiwa kwenye kilele chake cha kubana, sukuma hewa ndani na usikilize. Ikitokea kwenye bomba la moshi, ni valvu ya moshi. Ikitokea upande wa kuingizia hewa, ni valvu ya hewa. Ikitokea kwenye mdomo wa oili, ni ringi au pistoni. Radieta ikitoa mapovu, ni gasketi ya hedi au hedi iliyopasuka. Ile mbinu ya kumwaga oili kidogo kwenye silinda kisha kupima tena haiaminiki kwenye Subaru, kwa kuwa silinda zimelala na oili inakusanyika upande wa chini.

3. Fungua na upange. Kila valvu, springi, koleti (vipande vidogo vinavyoshikilia springi kwenye shina) na kikombe chake kwenye tundu lake. Valvu na siti yake zimezoeana, na vikombe vya EJ nyingi zenye kamshafti mbili kwa hedi vina unene tofauti unaoamua klirensi. Fundi akikuletea valvu 16 zimechanganyika kwenye kopo la Kimbo, ameshakuamulia mambo mengi bila kukuuliza.

4. Soma valvu kwa macho. Zisafishe kwanza kwa brashi laini na mafuta ya taa. Kisha tazama hivi:

Uso unaokalia siti ukiwa na vishimo vidogo vya kijivu, moshi umekuwa ukipita. Vishimo vyepesi vinaweza kuondoka kwa kukatwa; vya kina, hapana. Ukiona ukingo umeliwa sehemu moja kama kipande cha chapati kilichomegwa, valvu imeungua, na lazima utafute sababu: klirensi iliyobana, mchanganyiko wenye petroli chache, au taiming ya moto iliyochelewa. Kichwa kikiwa kimezama katikati, valvu imevutika kwa joto au kwa mizunguko kupita kiasi. Hiyo ni ya kutupa, na ni ushahidi kwamba matumizi yako yameshaishinda valvu ya kiwandani. Ncha ya juu ikiwa na shimo au ukingo, itupe. Na kama mkanda wa taiming uliwahi kukatika, chukulia valvu zote zimepinda hadi uthibitishe vinginevyo. EJ za kamshafti mbili hazisamehe: mkanda ukikatika, pistoni hugonga valvu.

Rangi pekee isikutishe. Valvu za moshi kuwa nyeupe-kahawia na za hewa kuwa nyeusi ni kawaida.

5. Pima. Unene wa shina sehemu tatu, juu, katikati na chini, kwa maikromita. Unene wa ukingo wa kichwa: ukishuka chini ya milimita 1 kwenye valvu ya moshi, usiirudishe kwenye injini ya turbo hata kama kitabu kinaruhusu kidogo zaidi, kwa sababu ukingo mwembamba hupata moto haraka na kuwasha petroli kabla ya plagi. Bingirisha shina juu ya kioo uone kama linayumba. Halafu bushi: ingiza valvu, iinue kidogo kutoka kwenye siti, itikise. Ukihisi mchezo wa wazi, peleka ipimwe kwa daili geji.

Kwa nini nasisitiza bushi? Valvu ya moshi hutoa sehemu kubwa ya joto lake kupitia siti kila inapofunga, na sehemu inayobaki kupitia bushi. Bushi ikilegea, valvu inatua upande, siti haigusi vizuri, na njia zote mbili za kupoa zinaharibika kwa pamoja.

6. Sasa amua.

Unabaki na turbo ya kiwandani, busti ya kiwandani au juu yake kidogo, na kikomo cha mizunguko hakibadiliki: rudisha valvu zako zikipita vipimo, na zile zilizokataa nunua za aina ya kiwandani. Umemaliza. Pesa iliyobaki iende kwenye pistoni, kwa sababu pistoni za EJ zilizotengenezwa kwa kumimina chuma kilichoyeyushwa kwenye kalibu hupasuka kati ya ringi muda mrefu kabla valvu haijalalamika. Bado sielewi mtu anayeweka valvu za mashindano za Ferrea juu ya pistoni za zamani.

Turbo kubwa, busti ya bar 1.3 kwenda juu, na gari la kukimbizwa mara kwa mara: badilisha valvu za moshi. Za hewa unaweza kuziacha, kwani hewa mpya na petroli huzipoza kila mzunguko. Watu wengi hawajui kwamba inaruhusiwa kuboresha upande mmoja tu. Wauzaji hupenda kukuuzia seti nzima.

Gari la mashindano, au lenye mfumo wa kuwasha moto kwenye bomba ili turbo isilale: valvu za moshi za Inconel, bila mjadala. Huo ni mchanganyiko wenye nikeli nyingi unaobaki na nguvu yake kwenye joto linalolainisha chuma cha kawaida. Kwa gari la barabarani, chuma cha pua cha daraja la juu kinatosha.

Kwa mwinuko wetu kuna jambo la kuongeza kwenye hesabu. Geji ikisoma bar 1 ya busti Mombasa, turbo imeizidisha hewa mara 2. Geji ikisoma bar 1 hapa, imeizidisha karibu mara 2.2. Turbo inafanya kazi zaidi kwa namba ileile, na mgandamizo wa moshi nyuma ya valvu unapanda. Tyuna aliyezoea gari la pwani lazima alijue hili. Pia injini nyingi za Japani zilipangwa kwa petroli yao ya oktani 98 hadi 100, ambayo si super ya kawaida ya kwenye pampu zetu. Tyuna akichelewesha moto ili injini isigonge, joto la moshi linaongezeka, na valvu ya moshi ndiyo inayolipa.

*Onyo kuhusu sodiamu.* Baadhi ya injini za turbo, kama RB26DETT ya Nissan na 4G63 ya Lancer Evolution, zilitoka kiwandani na valvu za moshi zenye shina tupu lililojazwa sodiamu. Sodiamu huyeyuka kwenye nyuzi 98, inachezacheza ndani ya shina na kubeba joto kutoka kichwani. Ukizitoa na kuweka valvu ya kawaida ya bei rahisi kwa jina la kuboresha, umeshusha daraja. Na usikate wala kutoboa valvu ya aina hiyo, wala kuitupa kwa wanaonunua vyuma chakavu bila kuwaambia: sodiamu ikikutana na maji inalipuka.

*Onyo kuhusu ukubwa.* Valvu pana zaidi kwa milimita 1 zinavutia. Kwenye injini isiyo na turbo zina maana. Kwenye yako, robo bar ya busti itakupa zaidi ya hizo, bila kukata siti upya na bila kusogeza valvu karibu na ukuta wa silinda. Titani nayo iache: ni nyepesi, lakini ina masharti mengi ya siti na ncha, na haipendi joto la moshi wa turbo.

7. Usisahau springi. Mara nyingi hapa ndipo tatizo lilipo, valvu ikalaumiwa bure. Fanya hesabu mwenyewe. Valvu ya hewa ya milimita 36 ina eneo la karibu sentimita 10 za mraba. Bar 1 ni takriban kilo 1 kwa kila sentimita ya mraba. Bar 1.5 za busti, basi, zinaisukuma valvu ifunguke kwa takriban kilo 15, na springi lazima izishinde hizo ndipo ianze kazi yake ya kawaida. Springi iliyochoka baada ya miaka 20 haiwezi. Pima urefu wa kila springi ikiwa huru na nguvu yake ikiwa imebanwa, ulinganishe na kitabu. Ukipandisha busti au mizunguko, nunua springi kabla ya valvu. Ila usiweke ngumu kuliko unavyohitaji, zinakula kamshafti.

8. Ongea na mtu wa mashine kwa vipimo, si kwa maneno. Industrial Area na Kariobangi kuna wenye mashine nzuri za kukata siti, na kuna wenye jiwe la kusagia na imani. Usiseme "nifanyie hedi." Sema hivi: "Fundi, naomba siti zikatwe kwa pembe tatu tofauti, nyuzi 30, 45 na 60. Upana wa mguso uwe karibu milimita 1 upande wa hewa na 1.5 upande wa moshi. Bushi zibadilishwe kwanza, siti baadaye. Kisha niandikie kila kipimo." Utaratibu huo wa bushi kwanza ni muhimu, kwani siti hukatwa kwa kufuata kitovu cha bushi. Akikataa kuandika, mshukuru na uondoke.

Mguso wa upande wa moshi usifanywe mwembamba ili "upumue." Upana ule ndio njia ya joto kutoka.

Mwambie pia apime hedi kwa rula kabla ya kuiskimu, yaani kuikwangua uso ili inyooke. Iskimu tu kama imepinda kupita kitabu. Kila unachoondoa kinaisogeza valvu karibu na pistoni.

9. Nunua kwa macho makavu. Kirinyaga Road utapata za kiwandani, za kuiga, na zilizotolewa kwenye injini za Japani. Sanduku si ushahidi, masanduku yanachapishwa. Chukua sumaku yako. Kichwa cha valvu nzuri ya moshi kwa kawaida hakishikwi na sumaku, hata kama shina lake linashikwa, maana nyingi huunganishwa vyuma viwili. Kichwa kikiganda kwenye sumaku kama msumari, irudishe. Pima mashina ya seti nzima kwa maikromita papo hapo kaunta, muuzaji akikasirika akasirike. Seti yenye tofauti kubwa kati ya moja na nyingine haifai. Valvu za moshi zilizotumika usinunue kamwe. Huwezi kuona uchovu wa chuma.

10. Funga. Saga kila valvu kidogo kwa dawa laini ya kusagia valvu ili kuona alama ya mguso tu. Alama iwe pete kamili, isiyokatika, katikati ya uso. Ikikatika, irudi kwa mashine. Usijaribu kuitengeneza kwa kusaga saa nzima. Osha dawa yote, mara mbili. Weka sili mpya za valvu, oili kwenye shina, kisha springi na koleti. Mwaga mafuta ya taa kwenye matundu ya hewa na moshi, usubiri dakika kumi. Likidondoka tone upande wa pili, bado hujafunga.

Kama umebadilisha valvu, kamshafti au kuskimu hedi, weka vipande vya udongo laini wa kuchezea watoto juu ya pistoni, funga hedi na gasketi ya zamani, zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili, fungua na ukate udongo upime. Usikubali chini ya milimita 2 upande wa hewa na 2.5 upande wa moshi.

Mwisho klirensi. Siti ikikatwa, valvu inazama, shina linapanda, na klirensi inapungua. Lazima ipimwe upya, na vikombe au shimu zibadilishwe. Hapa ndipo kazi nyingi nzuri za hedi huharibikia: fundi anarudisha vikombe vilevile kwa sababu injini ilikuwa kimya. Valvu iliyobana huwa kimya hadi siku inapoungua. Kama huna uhakika kati ya vikombe viwili, chagua kinachoacha nafasi kubwa, ndani ya kiwango cha kitabu.

Mambo yakienda kombo

*Injini inamisi (silinda moja inaruka moto) ikishapata joto, kompresheni ya silinda moja iko chini.* Klirensi ya valvu ya moshi imebana. Pima injini ikiwa baridi. Usiendelee kuendesha ukisema itajizoeza.

*Moshi wa buluu asubuhi ukiwasha, halafu unaisha.* Sili au bushi. Ukiuona pia unapoachia mguu kwenye mteremko, ndivyo. Lakini kabla ya kuteremsha hedi tena, fungua bomba la intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo). Likiwa limejaa oili, mshukiwa ni turbo.

*Inakatakata juu ya mizunguko 6,000 ikiwa na busti.* Kila mtu atasema springi. Anza na plagi: punguza pengo hadi milimita 0.6 au 0.7, na ujaribu koili nyingine. Ikiwa bado, ndipo uzishuku springi.

*Tik-tik juu ya injini.* Klirensi kubwa, au gasketi ya manifoldi ya moshi inavuja. Sauti zinafanana sana. Chukua kipande cha bomba la mpira, weka ncha moja sikioni, tembeza nyingine.

*Silinda moja haina kompresheni kabisa baada ya kufunga.* Acha kuzungusha starta. Rudi kwenye alama za taiming, kisha klirensi. Kila mzunguko wa ziada unaweza kupinda valvu mpya.

*Kompresheni safi, uvujaji mdogo, gari halina nguvu.* Valvu hazihusiki. Zima injini, ziba mdomo wa kuingizia hewa wa turbo, jaza mfumo hewa ya kompresa kwa bar 1, pulizia maji ya sabuni kwenye kila kiungo cha mabomba, na ukaze palipotoa povu.